Mafundo ya Waya Ndani ya Trela la Dutwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa Kituo cha Polisi Bariadi, Mkoa wa Shinyanga, Jumanne tarehe 17 Septemba 1996, kuanzia saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Kuhusu: kupotea kwa trela la Chama cha Msingi Mwamko, Dutwa.
Jina la shahidi: Fredrick mwana wa Mahona
Umri: miaka 44
Kabila: Msukuma
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: fundi umeme wa magari
Makazi: mtaa wa Malambo, Bariadi mjini
Mwandishi: Koplo Marcelo, upelelezi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni mwenyewe, kwa miguu. Hakuna aliyeniita. Koplo Marcelo amenieleza kwamba baadhi ya nitakayosema yanaweza kunifanya nami nishtakiwe. Nimeelewa. Nimemwambia aandike tu.

Kazi ya umeme wa magari nilijifunzia kwenye karakana ya ushirika, hapa Bariadi. Niliajiriwa mwaka 1976 nikiwa kijana. Nilikaa pale hadi mwaka 1994, biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi na karakana ikafungwa. Tulipunguzwa watu kumi na mmoja siku moja. Tangu hapo najitegemea. Nafanyia kazi uani kwa shemeji yangu, Januarius Shigela, kaka mkubwa wa mke wangu Apolonia. Uwanja ni wake na bati lililo juu ya kichwa changu ni lake.

Januarius naye alikuwa mtu wa ushirika. Alikuwa afisa usafirishaji wa Chama cha Msingi Mwamko kuanzia mwaka 1990. Aliacha kazi mwaka 1995, akanunua pikapu aina ya Hilux na kuwa wakala wa kukusanya pamba vijijini kwa niaba ya wanunuzi binafsi. Mambo yake yalikwenda vizuri. Ndugu wengi tulimtegemea.

Machibya, anayeshtakiwa kwa trela hili, ninamfahamu tangu mwaka 1983. Alikuwa mlinzi wa karakana yetu, na ilipofungwa alihamishiwa Dutwa kulinda uwanja wa chama cha msingi. Ni rafiki yangu. Alisimama upande wangu siku nilipomwoa Apolonia. Mtoto wangu Joyness alipougua homa ya uti wa mgongo, Machibya ndiye aliyembeba kwenye baiskeli mpaka hospitali, maana mimi nilikuwa safarini Maswa. Nasema haya ili Afande ajue namzungumzia mtu wa namna gani.

Mnamo Jumanne tarehe 2 Aprili mwaka huu trela la chama liliondoka uwanjani Dutwa. Machibya alieleza tangu siku ya kwanza jinsi lilivyoondoka. Alisema saa tano asubuhi walikuja watu wawili asiowafahamu, wakiwa na lori na barua yenye muhuri wa chama. Barua ilisema trela linapelekwa Mwanza kutengenezwa. Aliwafungulia geti, akaipeleka barua ofisini na kuiweka mezani kwa katibu, ambaye alikuwa amekwenda msibani. Katibu aliporudi hakuna barua iliyoonekana. Viongozi wakasema hakukuwa na barua yoyote, ameitunga kichwani baada ya kuuza trela. Walinzi wa jadi wa kijiji walimfunga kamba mikononi, wakamleta kwa gari la abiria watu wakimwangalia. Alishtakiwa kwa wizi akiwa mtumishi, akapelekwa mahabusu gerezani. Yuko huko mpaka leo.

Wiki hiyohiyo mwenyekiti wa chama alinikuta sokoni hapa mjini. Akaniuliza, "Fredrick, wewe ni rafiki yake. Machibya anaweza kufanya jambo kama hili?"

Nilimjibu, "Siku hizi mtu huwezi kumsemea moyo wake."

Wakati huo sikujua lolote kuhusu trela. Hata hivyo nilijua Machibya hawezi. Nilisema vile kwa sababu palikuwa na watu wanasikiliza, na sikutaka jina langu likae karibu na la mshtakiwa. Hilo ni kosa langu la kwanza. Naomba liandikwe.

Mnamo Jumanne tarehe 9 Julai, saa tatu asubuhi, Januarius aliingia uani na pikapu yake ikivuta trela la rangi ya buluu. Sikuwa nimeliona kwake kabla ya hapo. Aliniambia askari wa barabarani wamemsimamisha kwa sababu taa za trela haziwaki, na kwamba msimu wa pamba umefunguka, anatakiwa awe Migato kesho yake. Alitaka nimalize siku hiyohiyo.

Nilianza na plagi inayounganisha trela na gari. Ilikuwa imeliwa. Trela lilikuwa limewahi kubeba magunia ya chumvi, na chumvi ikishika unyevu haiachi kitu. Pini za shaba zilikuwa zimegeuka kijani, nikizigusa na bisibisi zinamong'onyoka kama unga ulioota ukungu. Soketi ya upande wa gari ilikuwa hivyohivyo. Nilikata plagi, nikachuna mpira wa nyaya ili nione kama kuna shaba nzima ndani. Hakuna. Niliona kwamba nyaya zote ni nyeusi. Hilo lilinishangaza, maana nyaya za trela huwa na rangi mbalimbali ili fundi ajue upi wa breki na upi wa indiketa.

Nikaenda nyuma, nikafungua taa ya kulia. Waya wa indiketa ulikuwa na fundo moja, karibu na pale unapoingia kwenye taa. Waya wa breki ulikuwa na mafundo matatu.

Naomba nieleze mafundo hayo. Mwaka 1987 karakana haikuwa na nyaya za rangi. Hazikuwepo dukani, hazikuwepo Mwanza, hazikuwepo popote. Tulipata roli moja ya waya mweusi, na trela la Dutwa likaletwa lifungwe taa. Nikaona nikitumia nyaya nyeusi tupu, fundi atakayekuja baadaye atapotea. Nikaamua kuzifunga mafundo kwenye kila ncha, mbele na nyuma. Indiketa ya kulia moja, ya kushoto mawili, breki matatu, taa ndogo waya usiwe na fundo. Sijamwona fundi mwingine akifanya hivyo. Na wakati wa kujaribu taa, Machibya ndiye aliyesimama nyuma ya trela akinipigia kelele kutoka kule, "Kulia inawaka! Kushoto bado!" Tulicheka sana siku ile, kwa sababu indiketa zilikuwa zinawaka kinyume na mimi nikamwambia yeye ndiye hajui kulia kwake.

Kwa hiyo nilipoona fundo moja na mafundo matatu, nilijua. Nikafungua taa ya kushoto nikiwa tayari najua nitakachokiona. Indiketa ilikuwa na mafundo mawili. Nilikaa chini. Baadaye nilizunguka mbele nikaangalia kwenye mkono wa trela, yaani kile chuma kirefu kinachoshika gari. Namba ya chama ilikuwa imegongwa pale zamani. Nilikuta pamesagwa, pakapakwa rangi.

Saa sita Januarius alitoka ndani. Nikamuuliza, "Shemeji, trela hili umelipata wapi?"

"Mwanza, mnadani. Kwani lina ubaya gani?"

"Hapana. Nyaya zimekwisha zote. Chumvi imezila."

"Basi zitoe zote, weka mpya. Na hicho unachokitoa kichome, sitaki takataka uani kwangu."

Hakuwa anaangalia trela. Alikuwa ananiangalia mimi. Kisha akasema, "Fundi wa umeme anaangalia waya. Trela ni la mwenye trela."

Akaingia ndani. Alikuwa anajua kwamba nilifanya kazi karakana. Sijui kama alijua habari ya mafundo, nadhani hakuijua. Lakini alikuwa na hakika kwamba hata nikitambua kitu nitanyamaza. Alinijua vizuri kuliko nilivyojijua.

Nilitoa nyaya zote za nyuma na za chini ya bodi. Nilizikata vipande na kuzichoma nyuma ya ua, pamoja na mafundo yake. Siku hizi vitu vipo. Nilinunua dukani waya mpya wenye nyuzi za rangi saba, umefungwa kwenye karatasi ya nailoni, na plagi mpya na soketi yake. Nikapitisha waya huo kwa nje ya mkono wa trela na kuubana kwa vibanio. Nililehemu kila kiungo kwa risasi. Nilipaka grisi kwenye pini ili chumvi isizishike tena. Waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, niliufunga kwenye chuma kilichosafishwa mpaka kikang'aa. Ilikuwa kazi nzuri, Afande. Nasema hivyo kwa sababu sikukosea kiungo hata kimoja. Saa kumi na moja jioni taa zote ziliwaka. Januarius alikanyaga breki, mimi nikasimama nyuma.

Swali: Kwa nini hukuja kutoa taarifa siku hiyo?

Jibu: Siku hiyo nilijiambia labda kweli alilinunua mnadani, kwa mwizi mwingine. Usiku nililala. Kesho yake nilijiambia nitamshauri yeye mwenyewe alirudishe kimyakimya, halafu kesi itakufa. Sikumshauri. Wiki iliyofuata nilijiambia Machibya ataachiwa tu, maana hakuna ushahidi. Kila mara kesi ilipotajwa iliahirishwa, nami nilishukuru, kwa sababu haijafika siku ya yeye kufungwa. Nilikuwa na maneno ya kila wiki.

Mke wangu hakujua. Nasema hivi si kwa kumlinda. Sikumwambia kwa sababu angenishauri vizuri. Ni kaka yake, lakini angenishauri vizuri.

Mwishoni mwa Julai Januarius aliniletea chaja ya betri, mpya, bado iko kwenye boksi. Hakusema ni ya nini. Aliiweka kwenye meza yangu ya kazi akasema, "Sasa watu hawatapeleka betri zao mbali." Kweli hawakupeleka tena. Niliipokea kwa mikono miwili. Nimekuja nayo, iko pale kaunta.

Katika miezi hiyo nilikuwa nakwenda Dutwa kwa baiskeli kila Jumapili ya pili, baada ya misa, kumwona Milembe, mke wa Machibya, na mama yake Machibya aliyekuwa anakaa nao. Nilikuwa nawapelekea unga, sabuni, mara nyingine dagaa. Kabla ya tarehe 9 Julai sikuwa nakwenda hivyo. Nilianza baada ya hapo. Watu wa Dutwa walioacha kuwasalimu waliniona napita na mzigo nyuma ya baiskeli, wakawa wananisifu. Mimi nilisifiwa, Afande, barabarani.

Mama yake Machibya alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka sabini. Tarehe 28 Julai nilipofika nilimsalimu, "Mwadila, mayu," yaani habari za mchana, mama. Akaitikia, akanishika mkono hakuuachia. Akaniuliza kwa Kisukuma kama nimekwenda kumwona mwanawe gerezani. Nilimwambia nimekwenda. Sikuwa nimekwenda. Akauliza, "Anakula?" Nikasema anakula vizuri. Akauliza tena, "Wanampiga?" Nikasema hapana, mayu, nduhu mhayo, hakuna neno. Akashukuru. Akasema, "Wewe ukiwepo, ni kama yupo."

Alifariki Jumamosi tarehe 17 Agosti. Milembe alisema hakuwa mgonjwa wa kulazwa, aliacha kula tu tangu mwanzo wa mwezi. Maombi ya kumtoa Machibya aje kuzika yalipelekwa, lakini siku zilikuwa za mapumziko na majibu hayakupatikana mapema. Tukazika Jumapili tarehe 18, saa tisa alasiri.

Machibya ndiye mtoto wa kiume pekee. Pale kaburini katekista Thomasi alisimama akauliza ni nani atatupa udongo wa kwanza badala ya mtoto wa marehemu. Mjomba wa Machibya akasema, "Fredrick yupo. Huyo ni ndugu yake." Milembe akanitazama, akatikisa kichwa kukubali. Sikuweza kukataa mbele ya watu. Nilichukua udongo. Nilitupa mara tatu. Baada ya hapo wazee walinipa mkono mmoja mmoja wakiniita jina lake.

Hata siku hiyo sikusema. Nilirudi nyumbani nikakaa wiki nne.

Jana, Jumatatu tarehe 16 Septemba, kama saa nne asubuhi, Milembe alikuja uani ninapofanyia kazi. Alikuwa ametembea kutoka Dutwa, hakupata gari. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni na kapu la michembe, vile viazi vitamu vikavu. Alisema ni vya kwanza vya mwaka huu, ameniletea mimi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Pikapu ya Januarius haikuwepo, alikwenda nayo sokoni. Trela alikuwa ameliacha uani, karibu na meza yangu. Milembe alikuwa amechomwa na mwiba njiani. Akatafuta mahali pa kukaa, akaketi kwenye mkono wa trela. Akamshusha mtoto, akampa titi, akainua mguu wake na kuanza kuutoa mwiba kwa ncha ya pini. Alikuwa ameketi hasa pale namba iliposagwa.

Nilimwambia, "Mama Josia, usikae hapo. Njoo kwenye kiti."

Akasema, "Hapa panatosha, Baba Joyness. Usihangaike."

Nikamwambia tena, "Njoo kwenye kiti."

Akacheka. Akasema tangu lini nimeanza kumfanya mgeni. Kisha akanieleza kilichomleta. Kesi imepangwa kusikilizwa tarehe 30. Mtu mmoja wa kanisani amemweleza kwamba Machibya anaweza kuita shahidi wa kumsemea tabia yake. Akasema, "Nimefikiria watu wote. Wengine wataogopa. Wewe hujawahi kutuogopa. Wewe ndiye umemjua tangu zamani, utasema ukweli wa yeye ni mtu gani." Akasema pia kwamba Machibya ametuma neno kutoka gerezani. Neno lenyewe ni hili: "Mwambie Fredrick asante kwa mama."

Nilimwitikia, nikasema nitasema ukweli. Alikaa kama nusu saa. Mtoto alikuwa anachezea waya mpya niliofunga, ule wenye rangi, anauvuta. Milembe alimpiga mkono kidogo, akamwambia aache, ataharibu kazi ya baba mkubwa.

Alipoondoka nilimsindikiza mpaka barabarani. Nikarudi, nikafunga kazi. Nilimwambia mke wangu kila kitu kabla ya jua kuchwa. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza aliniuliza, "Na mayu umemzika wewe?" Nikasema ndiyo. Akaingia ndani. Hajanisemesha tangu wakati huo. Leo asubuhi nilimkuta ameitoa chaja kwenye meza ya kazi na kuiweka mlangoni nilipoacha viatu vyangu.

Swali: Umesema nyaya za zamani ulizichoma. Ni kitu gani kitaonyesha kwamba trela hilo ni la Dutwa?

Jibu: Zile za mbele hazikutoka zote. Mwaka 1987 nilizipitisha ndani ya mkono wa trela, ambao ni bomba la chuma. Tarehe 9 Julai nilipozivuta zilikatikia ndani. Tope na kutu vimeziba. Kipande cha urefu kama wa mkono wa mtu kimebaki humo, upande wa mbele, ambako pia nilifunga mafundo, ndani kidogo ya mdomo wa bomba. Mkikata bomba kwa msumeno wa chuma mtayaona. Afande ameniuliza kama niliyaacha makusudi. Ningependa sana kusema ndiyo. Ukweli ni kwamba yalikwama, nami nilikuwa nawahi kumaliza.

[Maelezo yalisimama saa nne na nusu asubuhi. Shahidi aliongozana na mwandishi na askari wawili hadi uani kwa Januarius Shigela. Maelezo yameendelea saa tisa na robo alasiri.]

Tulifika saa tano kasoro. Trela lilikuwepo, limefungwa kwenye pikapu, tayari kwa safari. Nilionyesha mahali pa kukata. Askari mmoja alianza na msumeno, akachoka, nikaomba nimalize mimi. Afande aliniruhusu. Bomba lilipofunguka kwanza lilitoka tope kavu, halafu nyaya tatu nyeusi zilizoshikana. Afande alizitenganisha yeye mwenyewe. Mpira ulikuwa mzima ingawa shaba imeoza. Fundo moja. Mafundo mawili. Mafundo matatu. Kipande hicho kimewekwa kwenye bahasha na nimesaini juu yake.

Januarius alisimama mlangoni muda wote. Hakupiga kelele. Alipokuwa anapandishwa gari aliniambia, "Nilikupa pa kufanyia kazi, Fredrick." Hakuniita shemeji. Ni kweli alinipa.

Barua yenye muhuri sikuiona na siwezi kuisemea. Najua tu kwamba Januarius aliwahi kushika muhuri wa chama alipokuwa kazini. Walioendesha lori siwajui. Sitaki kuongeza nisichokijua.

Swali: Je, kuna jambo lingine ungependa liandikwe?

Jibu: Ndiyo. Isiandikwe kwamba nimesaidia. Machibya amekaa ndani miezi mitano na zaidi. Miezi mitatu ya kwanza iko juu ya aliyeiba. Kuanzia tarehe 9 Julai iko juu yangu, nami nimeihesabu, ni siku sabini leo. Na Machibya akitoka, mimi sitaweza kumweleza. Nimejaribu njia nzima kuja hapa nikitafuta neno la kuanzia, sikulipata. Naomba karatasi hii asomewe yote, mbele yangu, na mtu mwingine. Asipunguziwe habari ya kaburini.

Nimesema niliyoyajua na niliyoyafanya, na sina la kuongeza.

(Saini) F. Mahona

MAELEZO YA MWANDISHI

Mimi Koplo Marcelo nimeyaandika haya kama yalivyosemwa, nikamsomea shahidi kwa sauti saa kumi jioni. Amekubali kuwa ni yake, isipokuwa sehemu moja. Nilikuwa nimeandika kwamba alikaa kimya "kwa hofu". Aliniomba nifute maneno hayo mawili. Alisema siku nyingine ilikuwa hofu, lakini siku nyingi alikuwa amesahau kabisa, anafanya kazi zake na kula vizuri. Nimeyafuta. Chaja moja ya betri imepokelewa.

(Saini) Koplo Marcelo, 17 Septemba 1996

NYONGEZA

Alhamisi tarehe 26 Septemba 1996. Mashtaka dhidi ya Machibya yaliondolewa leo asubuhi, akaachiwa. Saa saba mchana alifika kituoni pamoja na mkewe Milembe kwa wito wangu. Shahidi Fredrick Mahona alikuwa amefika tangu saa mbili. Kwa ombi la shahidi nilisoma maelezo yote mbele yao watatu. Machibya alisikiliza akiwa amesimama, alikataa kiti. Mkewe alitoka nje nilipofika habari ya michembe.

Nilipomaliza Machibya aliniuliza swali moja, ile siku ya kufunga nyaya mpya ilikuwa tarehe ngapi. Nikarudia kumsomea, tarehe 9 Julai. Akasema, "Julai mama alikuwa bado anakwenda kisimani mwenyewe."

Hakumtazama shahidi aliposema hivyo. Machibya aliniaga mimi, akatoka kumfuata mkewe.

(Saini) Koplo Marcelo